Kisichopandishwa mizani: tani moja ya makaa ya mawe katika kambi za Appalachia

Kwenye kila kitoroli cha makaa kilichotoka shimoni palikuwa na ndoano, au msumari tu, na hapo kilining'inia kipande cha shaba chenye namba. Mchimbaji aliingia kazini asubuhi na vipande kadhaa vya namba yake, akatundika kimoja kwa kila kitoroli alichokijaza. Huko nje, kwenye mizani, mpimaji alisoma namba na kuandika uzito mbele yake. Mshahara ulianzia hapo. Kipande kikidondoka njiani, tani zile zilikuwa hazina mwenyewe, na jasho lililozitoa limekwenda bure.

Kambi ninazozieleza ni zile za milima ya Appalachia, Marekani: kusini mwa West Virginia, mashariki mwa Kentucky na ile pembe ya kusini-magharibi ya Virginia, tangu reli ilipopenya mabonde yake miaka ya 1880 hadi mashine za kupakia zilipowapokonya watu mabeleshi. Reli ya Norfolk and Western ilifika Pocahontas, Virginia, mwaka 1883. Mji wa Lynch, Kentucky, ulianza kujengwa mwaka 1917 na kampuni tanzu ya U.S. Steel, kampuni ya chuma cha pua. Milima imebanana kiasi kwamba kijito, njia ya reli na safu moja ya nyumba vinagombea bonde lile lile. Hapakuwa na mji wa karibu, kwa hiyo kampuni ilijenga kila kitu: nyumba, duka, shule, kanisa, zahanati. Aliyekuajiri ndiye aliyekupangisha nyumba, ndiye aliyekuuzia unga, na daktari wako alikuwa mtu wake.

Habari za maeneo haya huandikwa zaidi kupitia milipuko na migomo, na ni haki yake. Lakini naona ukitaka kuelewa maisha yale ya kila siku, ifuate tani moja. Uliza kazi gani ziliingia ndani yake, kisha uliza ni ngapi kati ya hizo zililipwa.

Mchimbaji wa mkono alikuwa na chumba chake chini ya ardhi, upana kama futi 20, na kati ya chumba na chumba ziliachwa nguzo nene za makaa kubeba mlima. Tabaka la makaa pale Pocahontas lilimzidi mtu kimo. Kwingineko lilikuwa futi tatu, na mtu alifanya kazi akiwa amepiga magoti au amelala ubavu siku nzima. Kabla ya mashine za kukata kuenea, hatua ya kwanza ilikuwa kukata chini. Alilala kwa ubavu, bega likiwa sakafuni, akachimba kwa sururu mfereji mwembamba chini kabisa ya ukuta wa makaa, kuingia ndani futi tatu au nne. Ukuta aliouchimbua miguu uliegemezwa vigingi vifupi ili usimwangukie. Kazi hiyo peke yake ilimla saa mbili, tatu, na hadi hapo hajapata hata kilo moja ya kupima.

Sababu ya kukata chini ni kwamba baruti husukuma kuelekea upande ulio huru. Makaa yakiwa na nafasi chini yake, mlipuko huyashusha kwa mabonge makubwa yanayouzika. Pasipo nafasi, mtu hulazimika kushindilia baruti nyingi, na hapo hutokea mojawapo ya mawili: makaa yasagike kuwa chenga za bei ya chini, au moto utoke kinywani mwa tundu kama risasi na kuwasha vumbi lililotanda hewani. Kulipua ukuta mzima bila kukata chini kuliwavutia wengi kwa sababu kuliokoa saa zile tatu. Wengine hawakurudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Tundu lilitobolewa kwa keekee ndefu kama futi sita, yenye bamba la kuegemeza kifuani, mtu akisukuma kwa uzito wa mwili huku mikono ikizungusha. Risasi ya baruti aliitengeneza mwenyewe: gazeti alilizungushia mpini, akaziba upande mmoja, akamimina baruti nyeusi, akaukunja upande wa pili. Hebu fikiri kazi hiyo ikifanywa na mtu mwenye taa ya moto wazi kipajini. Mwenye busara aliitundika taa mbali kwanza, akamimina akiwa ameipa mgongo. Risasi ilisukumwa hadi mwisho wa tundu pamoja na sindano ndefu ya shaba, kisha tundu likashindiliwa udongo wa mfinyanzi. Sindano ilikuwa ya shaba kwa kuwa chuma kikigonga jiwe hutoa cheche. Udongo ulitakiwa uwe udongo kweli. Mvivu aliyeshindilia vumbi la makaa, ambalo lilijaa miguuni pake, alikuwa anaongeza kuni. Sindano ikavutwa taratibu na kuacha kijitundu, kikatiwa kijiti cha karatasi chenye baruti, ncha yake ikawashwa, na mtu akakimbilia nyuma ya kona akipaza sauti mara tatu: moto shimoni!

Tundu lisipolipuka, hatari ndiyo kwanza imeanza. Kanuni ilikuwa kutolirudia upesi na kutolichokoa kabisa. Linatobolewa jipya pembeni, kwa umbali wa kutosha, nalo hulishusha la zamani. Lakini baruti ilikuwa ya kununua kwa pesa zake mwenyewe, na siku ilikuwa inakwenda. Ndiyo maana wapo waliolichokoa.

Moshi ukipungua, kabla ya kugusa beleshi, alipima dari. Aligonga kwa kichwa cha sururu au kwa fimbo huku kiganja cha mkono wa pili kimelala juu ya jiwe. Jiwe zima lililia kwa sauti kavu, ya juu, kama kengele. Jiwe lililoachana na mlima lilitoa mlio wa ngoma, na kiganja kilihisi mtetemo hata pale sikio lilipokosea. La ngoma liliangushwa kwa mtaimbo, au likategemezwa nguzo. Nguzo yenyewe ilikatwa fupi kidogo kuliko kimo cha dari, ikawekewa juu kipande cha ubao bapa, kisha ikakazwa kwa kabari hadi ikae imara. Ubao ule hutawanya uzito, na huanza kupondeka kabla nguzo haijavunjika. Wachimbaji wengi waliupenda mti kuliko chuma kwa sababu mti husema: hulia, hupasuka nyuzi, humpa mtu dakika ya kutoka. Panya nao hawakufukuzwa. Walitupiwa makombo, na panya wakionekana wanakimbia, watu walikimbia.

Kitu ambacho hakikutoa onyo ni kisiki cha mti wa kale uliogeuka jiwe ndani ya dari, mviringo kama kitako cha sufuria, umezungukwa na utando mwembamba wa makaa unaoteleza. Mlio wake ungeweza kuwa mzuri leo, na kesho ukachomoka mzima mzima, mamia ya kilo. Watu hukumbuka mlipuko wa Monongah, West Virginia, tarehe 6 Desemba 1907, walipokufa 362 kwa hesabu rasmi. Mwaka huo huo migodi ya makaa ya Marekani iliua watu 3,242, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote. Na miaka nenda miaka rudi, muuaji mkuu alikuwa dari, mmoja hapa, wawili pale, bila gazeti la mbali kuandika.

Kugonga dari, kusimamisha nguzo, kutandika reli hadi ukutani, kuchota maji kwa ndoo, kuondoa mawe yaliyoanguka: kazi zote hizi wachimbaji waliziita kazi mfu. Hazikuwa na malipo, au zililipwa kidogo sana, kwa kuwa hazikupanda mizani. Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo. Kampuni ililipa tani, na usalama haukuwa tani. Mtu mwenye watoto wanne aliyechagua kati ya nguzo moja zaidi na kitoroli kimoja zaidi hakuwa mzembe. Alikuwa amewekwa penye uchaguzi ambao hakupaswa kuwekwa.

Taa nayo inastahili maelezo yake. Kuanzia miaka ya 1900 taa ya kabaidi ilichukua nafasi ya vikoroboi vya mafuta, na msomaji asiichanganye na karabai ya pampu ya wavuvi. Hii ilitosha kiganjani. Chumba cha chini kilitiwa vipande vya kabaidi, kile kijiwe cha kijivu ambacho mafundi wa kuchomelea hutengenezea gesi. Cha juu kilitiwa maji. Kishikio kidogo kiliruhusu maji kudondoka tone tone, gesi ya asetilini ikapanda na kutokea kwenye kijitundu katikati ya sahani inayong'aa. Mtu alifunika sahani kwa kiganja gesi ijae kidogo, kisha akakivuta kiganja kwa nguvu juu ya gurudumu la kiberiti, nayo ikawaka kwa mlipuko mdogo. Maji yakizidi, mwali hurefuka na kabaidi hugeuka uji, yakipungua, hufifia. Kijitundu kikiziba masizi, huzibuliwa kwa waya mwembamba. Baada ya saa chache kabaidi huisha na kubaki chokaa yenye unyevu ya kumwagwa, ndiyo maana kila mtu alibeba kikebe cha akiba. Mwanga ulikuwa mweupe na mzuri, lakini ulibaki kuwa moto wazi. Penye methani, gesi inayolipuka, mkaguzi wa usiku alipaswa kutangulia na taa ya usalama yenye wavu: alishusha mwali, akaiinua taratibu karibu na dari, akatazama kama kofia ya buluu hafifu inajitokeza juu yake. Mwali ukifa, hewa haina oksijeni ya kutosha. Alipopaona pako salama, aliandika tarehe na herufi za jina lake kwa chaki.

Sasa beleshi. Mtu mwenye nguvu mahali pazuri angeweza kupakia tani kumi kwa siku. Mahali pabaya, tatu. Kila jiwe alilazimika kulichambua kwa mkono na kulitupa pembeni, kwa kuwa mawe yakionekana juu ya mizani uzito wake ulikatwa, na pengine kitoroli kizima kilifutwa. Tani yenyewe ilikuwa na ugomvi. Tani ya Kimarekani ni ratli 2,000, kama kilo 907, lakini zipo kampuni zilizomtaka mchimbaji ajaze ratli 2,240, kilo 1,016, kwa malipo ya tani moja. Nyingine hazikuwa na mizani kabisa: zililipa kwa kitoroli, kisha zikaongeza mbao pembeni mwa kitoroli kile kile bila kuongeza malipo. Kwenye mgomo wa Paint Creek na Cabin Creek wa 1912, madai yalikuwa ya namna hiyo hasa: tani iwe ratli 2,000, mizani iwekwe, na wachimbaji wawe na mpimaji wao wenyewe wanayemlipa wao, asimame kando ya mpimaji wa kampuni na kusoma namba ile ile. Familia za waliogoma zilitolewa nyumbani na vitu vyao, zikaishi kwenye mahema majira ya baridi. Haki ya kukaa ndani ya nyumba ilikuwa imefungwa kwenye kazi; kazi ikiisha, iwe kwa mgomo au kwa kifo cha mume, nyumba imeisha.

Karatasi ya mshahara ilionyesha tani upande mmoja, na upande wa pili makato: kodi ya nyumba, makaa ya jikoni, daktari, baruti, kunoa sururu kwa mhunzi, duka. Aliyekuwa hana kitu kabla ya siku ya malipo alikwenda dirishani na kuchukua sarafu za kampuni, vipande vya shaba au nikeli vilivyotobolewa katikati herufi au umbo la kampuni ili visichanganywe na vya kambi jirani. Vilikubalika kwenye duka la kampuni. Kwingine, kama vilipokelewa, mara nyingi vilipokelewa kwa thamani pungufu. Kilichofanya mtego uwe mgumu ni utaratibu wenyewe: ukichukua leo, umeshapunguza mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwezi ujao utalazimika kuchukua mapema zaidi. Familia nyingi zilipokea karatasi isiyo na hata senti.

Nyumba zilijengwa haraka, kwa mbao zilizosimama wima, mara nyingi bado mbichi, na papi nyembamba zilizopigiliwa juu ya mianya. Hazikuwa na msingi, bali nguzo fupi. Mbao zikikauka husinyaa, mianya ikafunguka, upepo wa Januari ukaingia. Dawa yake ilikuwa magazeti. Unga wa ngano ulikorogwa na maji baridi usifanye madonge, ukamiminiwa maji yanayochemka huku unakorogwa hadi uwe uji mzito. Wengine walitia pilipili kali kuzuia panya. Karatasi zilibandikwa tabaka juu ya tabaka, kila mwaka jipya, maandishi yakiwa wima yasomeke. Watoto wengi walijifunzia herufi kwenye kuta hizo.

Jiko halikuzimwa usiku, lilifukiwa. Makaa mekundu yalisogezwa nyuma, yakafunikwa chenga zilizoloweshwa maji kidogo na majivu juu, ikaachwa sehemu ndogo wazi mwali uchungulie. Ukifunika kote, gesi hujikusanya chini ya gamba na baadaye huwaka kwa kishindo kinachorusha majivu chumbani. Ukifunga kabisa mlango wa bomba la moshi kwa kubana matumizi, hewa ya sumu hurudi ndani na watu hawaamki. Asubuhi gamba lilivunjwa kwa chuma, wavu ukatikiswa, moto ukasimama bila kiberiti.

Jumatatu ilikuwa ya kufua. Maji yalitoka kwenye pampu iliyotumiwa na nyumba kadhaa, au kijitoni, na mfuo mmoja ulihitaji makarai matatu: la kufulia, na mawili ya kusuuzia, la mwisho likiwa na buluu. Karai kubwa la bati lilibeba kama lita 60. Hesabu ndoo mwenyewe. Nguo nyeupe zilichemshwa na sabuni iliyopikwa nyumbani kwa mafuta ya nguruwe na kostiki. Nguo za mgodini zilikuja mwisho, baada ya kupigwa nje ukutani vumbi litoke. Kisha upepo ukigeuka na kuleta moshi wa tanuri au vumbi la mnara wa kupakia, kamba nzima ilianuliwa na kazi ikaanza upya. Jioni karai lile lile lilisogezwa karibu na jiko, na mume akasuguliwa mgongo. Katika kambi zilizokuwa na bafu la kampuni, nguo zilivutwa kwa mnyororo hadi darini zikauke, na huo ulikuwa mzigo mkubwa uliotuliwa mgongoni mwa mwanamke. Wanawake wengi pia walipangisha vitanda kwa wachimbaji wasio na familia, Waitaliano, Wahungaria, Wapolandi, wakawapikia na kuwafulia. Hakuna mizani iliyowahi kuandika kazi hii, wakati bila hiyo beleshi lisingenyanyuka.

Ndoo ya chakula ilikuwa ya alumini, ya duara, yenye ghorofa. Maji chini kabisa, chakula katikati, kitu kitamu juu. Maji yalikuwa mengi kuliko kiu ya siku moja, kwa sababu aliyefukiwa nyuma ya dari iliyoanguka aliweza kuvumilia njaa lakini si kiu. Ndani mlikuwa na mkate wa mahindi, maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi. Huko Fairmont, West Virginia, mwokaji wa Kiitaliano Giuseppe Argiro alianza miaka ya 1920 kuuza mkate uliookwa na soseji ya pepperoni ndani, unaoliwa kwa mkono mmoja na usioharibika bila barafu. Mchimbaji alibakiza kipande cha keki kwa makusudi, na mtoto aliyempokea njiani alijua pa kufungua.

Maharage machanga yalikaushwa na maganda yake. Yalichumwa punje zikiwa zimejaa lakini ganda bado laini, yakatolewa nyuzi za pembeni, yakatungwa kwa sindano na uzi mnene kupitia katikati ya kila ganda, na mikufu ikatundikwa barazani au nyuma ya jiko hadi ilie kama makaratasi. Yakibanana, huota ukungu kwa ndani. Waliita suruali za ngozi, na ukiziona zimesinyaa utaelewa. Kupika: loweka usiku kucha, mwaga maji, tia mapya na kipande cha nyama ya chumvi, chemsha saa tatu au nne. Ladha yake haifanani na maharage mabichi wala makavu. Ni nzito, karibu na ya uyoga.

Weusi waliokuja kutoka Alabama, Virginia na Carolina walipewa mtaa wao na shule yao. Lynch palikuwa hivyo. Shimoni, malipo ya tani yalikuwa mamoja kwa wote, na hilo ndilo lililowavuta. Carter G. Woodson, aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya Weusi, alichimba makaa kaunti ya Fayette akiwa kijana na kuwasomea wachimbaji wenzake magazeti jioni. Bill Withers, mwanamuziki, alizaliwa kambi ya Slab Fork mwaka 1938. Lakini Weusi walibanwa kwenye beleshi na kunyimwa mashine na usimamizi, kwa hiyo mashine za kupakia zilipoenea, wao ndio waliotangulia kukosa kazi. Familia zikapanda kaskazini, Cleveland, Detroit, Chicago.

Mashine ya kuchimba mfululizo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilikata na kupakia kwa pamoja, bila baruti, na ikatoa vumbi ambalo sururu haikuwahi kulitoa. Baada ya mlipuko wa Farmington wa 1968 ulioua 78, sheria ya 1969 iliweka kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi: miligramu 3 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kisha 2. Ugonjwa wa mapafu meusi, unaoletwa na vumbi hilo, ulipungua kwa miaka mingi. Halafu ukarudi. Matabaka manene yalikuwa yamekwisha; yaliyobaki ni membamba, na mashine ikiingia humo hukata mwamba wa juu na wa chini pamoja na makaa. Lile jiwe ambalo mchimbaji wa zamani alilichambua kwa mkono asikatwe uzito, sasa linasagwa lote, na vumbi lake la silika hudhuru mapafu kuliko la makaa. Mwaka 2018 watafiti walitoa hesabu ya kliniki tatu tu za kusini-magharibi mwa Virginia: wachimbaji 416 wenye aina mbaya kabisa ya ugonjwa huo, waliobainika kati ya 2013 na mwanzoni mwa 2017.